Jina la Kuandikwa Kwenye Fomu ya Morse

Mabibi na mabwana, kabla sijamsalimu mtu yeyote, naomba mniangalie vizuri, maana si kila siku Bwera inapata nafasi ya kumuona mtu mwenye bahati ya kiwango cha kimataifa akiwa amesimama bure, bila kiingilio. Mimi nilizaliwa na bahati. Siku ya kwanza nilipokaa mbele ya redio nikagonga nukta na vistari vya Morse, mwaka elfu mbili na kumi na tatu, dunia iliitika kabla sijamaliza kujitaja. Mjapani aliitika, Mbrazili aliitika, na bwana mmoja wa Finland aliitika nafikiri akiwa bado anatafuna. Tangu hapo nimeingia mashindano ya Morse ya dunia mara kumi na moja, na mara sita nimekuwa wa kwanza Afrika nzima kwa upande wa redio zenye nguvu ndogo. Wengine wanaitafuta bahati kwa waganga, mimi bahati inanifuata mpaka sebuleni. (Makofi mstari wa mbele.)

Sasa nasalimu kwa itifaki. Mheshimiwa Mwakilishi wa Mheshimiwa aliyetuma udhuru, Mheshimiwa Mwenyekiti wa tarafa, LC Three, pamoja na wenyeviti wa vijiji, LC One, mliokuja na boda boda za kuazima, Afande wa kituo, na yule Afande aliyebaki nje kuilinda pikipiki ya Afande, Baba Paroko, Mchungaji, wastaafu wa reli mliobaki Kasese kutoka enzi za treni ya shaba, wageni wetu wa Beni na Butembo mliovuka mpaka na ambao siku hizi ni wenyeji kuliko sisi, wauza chumvi wa Kabatoro, wakulima wa Muhokya, wapagazi na waongoza watalii wa Nyakalengija mnaopanda mlima kila siku bila kulalamika na leo mmelalamika kwa ngazi tatu za ukumbi huu, Katibu wangu Gorret, anayeandika kila ninalosema, na akiweza aandike na ninayofikiria, itifaki yote izingatiwe, na ambaye sijamtaja ajitaje kimoyomoyo. Mwasibire. (Watu wanaitikia.)

Mkutano huu wa dharura wa klabu yetu ya redio, uliowatoa wengine wenu soko la Lhubiriha mkiwa hamjamaliza kuuza mihogo, una ajenda moja, nayo ni fomu. Fomu anayo Katibu pale, ndani ya bahasha ya kaki. Kila baada ya miaka minne wenye mashindano ya dunia wanawaita wagongaji wachache wa Morse kutoka kila bara, wanawakalisha Ulaya kwenye uwanja mmoja, kila wawili na hema lao, redio za nguvu sawa, waya sawa, mlingoti sawa, ili isiwepo hadithi kwamba fulani alishinda kwa sababu ana mnara mrefu. Kinachobaki hapo ni mkono na sikio. Kutoka pande zetu hizi za Afrika wameita mtu mmoja tu. Wameita jina la hewani la klabu yetu, lile linaloanza na 5X kama yote ya Uganda, wakasema: mleteni yule anayegonga. Nauli juu yao, mwenzake wa hema juu yao, kulala juu yao, kula juu yao. Wanachotaka kwetu ni wanachama wakae, wathibitishe jina, Katibu aandike na kutuma. Fomu inafungwa leo saa kumi na moja jioni, na sasa hivi, kwa saa ya Baba Paroko ambayo haijawahi kutenda dhambi, ni saa tisa na nusu.

Majina yaliyopendekezwa ni mawili. La kwanza ni langu, Davis Maate, Mwenyekiti kwa kipindi cha tatu, ambacho kikatiba ni cha pili kwa sababu cha kwanza kilikuwa cha majaribio. La pili limeletwa na watu ambao sitawataja ingawa wamekaa dirisha la kulia, nalo ni la Bi Medius Kabugho wa Nyakalengija, yule mama mwenye kitambaa cha zambarau kichwani, mstari wa tatu, ambaye ninamheshimu sana kama mshiriki wetu wa upande wa jikoni. (Minong'ono.) Mama, punga mkono watu wakuone. Hapungi. Ni mnyenyekevu, na unyenyekevu ni kitu kizuri sana kwa mtu anayebaki nyumbani.

Naomba tulipime jambo hili kitaalamu, bila ukabila na bila unyakalengija. Bi Medius ana miaka sitini na moja. Daktari amemwambia sikio la kushoto linafifia, na ikifika zamu nyingine, miaka minne ijayo, anaweza asiisikie Morse kabisa. Wapambe wake wanasema kwa sababu hiyo aende safari hii, maana hakuna nyingine. Mimi kwa sababu hiyo hiyo nasema apumzike. Masikio yangu mimi ni mazima yote mawili. Nikiwa Kampala nasikia mnavyonisema Bwera. Halafu kuna swali la kahawa, nani atamchumia, na kuku, nani atawafungia. Halafu kuna swali la suti. Mimi nina suti. Siku bendera yetu inapandishwa kati ya bendera za watu, chini yake anatakiwa asimame mtu mwenye suti. (Kicheko kidogo. Mtu anasema, "Hiyo ndiyo hiyo ya mazishi.") Ndiyo, ni hiyo hiyo ya mazishi, na hakuna marehemu aliyewahi kuilalamikia.

Nije kwenye rekodi, kwa sababu kiongozi asiye na takwimu ni mpita njia. Mwaka wa kwanza niliwapata hewani watu mia moja na nne. Mwaka wa pili mia mbili na kumi. Mwaka wa tatu mvua ilinyesha siku zote mbili, mto Mubuku ukaunguruma mpaka ukawa unashindana na Mrusi mmoja kwenye sikio langu, nikawaacha wote wawili waungurume, nikawapata watu mia tatu. Mwaka jana nimefika mia sita na kumi na mbili, nchi sabini na nne, katika saa arobaini na nane, na humo nililala saa tatu tu, nikiwa nimeegemea gunia la kahawa. Ukigawanya kwa idadi ya watu wa wilaya hii, kila mkazi ameongea na dunia kwa kiasi fulani, na ninaomba msinishukuru sasa, mtanishukuru kwenye kura.

Msidhani hiyo kazi ni ya kukaa tu. Unaita, wanaitika kumi kwa mpigo, kama vifaranga wamemwagiwa mtama, na wewe unatakiwa umtoe mmoja mmoja kwa sauti yake. Unampa namba yake, anakupa yake, unaandika kwenye daftari, unakwenda kwa anayefuata. Mkono wa kulia unagonga, mkono wa kushoto unakoroga sombe, majani yetu ya mihogo, isishike chini, na mguu unafukuza kuku asirukie waya. (Enid, mama anayeuza chakula stendi, anainua mkono: "Mwenyekiti, nauliza kwa kutaka kujua tu. Hiyo sombe wewe unaitwanga saa ngapi?") Swali zuri, Enid. Sombe inatwangwa kabla, katika kile tunachoita pri-kontesti pripareshoni. (Enid: "Na unaitwanga na nini?") Na mchi. (Kicheko. "Bibi yako anajua?" anauliza mwingine. Mke wa Mwenyekiti, mstari wa pili, anatazama dari.) Naomba tuheshimu jinsia zote, pamoja na ya wanaume. Tuendelee.

Mafanikio haya yasingewezekana bila Mradi wa Kituo cha Kisasa cha Mashindano, Kasese na Bwera, ambao nimeusimamia kwa mikono yangu, kupitia stratejik plani, fizibiliti stadi, kapasiti bildingi ya wadau, monitaringi na evaluesheni, na vikao ishirini na sita vyenye chai. Kufikia leo ninayo furaha kuwatangazia kwamba Kituo kimekamilika kwa asilimia tisini na sita, na asilimia nne iliyobaki ni jengo, mnara, redio na umeme. (Makofi, kisha makofi yanakoma yenyewe.) Ninaona mkono nyuma pale. Ni ndugu yetu Jean-de-Dieu, mfanyabiashara wa betri za sola, mtu wa Butembo. Sema, ndugu yangu, lakini kwa ufupi wa kidiplomasia.

(Jean-de-Dieu anasimama: "Mwenyekiti, shikamoo. Miye nauzishaka betri ya jua, hapa Bwera mpaka kule Nyakalengija. Mama Medius ananunua, kila mwaka moya, mbele ya ile mashindano. Ile Kituo yako haijanunua ata moya. Inakunywaka nini ile redio yako, mayi?")

Nakushukuru. Kituo chetu kinatumia mfumo wa kijani.

("Kijani ya nini?")

Ya mazingira. (Kicheko.) Na mkumbuke, ndugu wananchi, kwamba mawimbi ya redio hayaonekani kwa macho, na kwa hiyo haishangazi kama infrastrakcha inayoyatoa nayo haionekani kwa kila mtu. Mhandisi wa nje, ambaye jina lake nimelihifadhi, alishangaa sana alipofika.

("Na ile miti? Siye batu ya Bwera tulibeba miti kumi na mbili ya munara, ku bega, wakati wa jua. Sasa miye napitaka ku njia ya kwako, naona ile miti iko inashika nyumba ya nguruwe.")

Lile si banda la nguruwe, Jean-de-Dieu, lile ni hifadhi ya muda ya vifaa vya kimkakati, na nguruwe wamewekwa mle kwa ajili ya ulinzi. (Kicheko kirefu. Afande wa kituo anacheka kwanza, kisha anavaa kofia.) Ahsante, kaa chini. Mnaona jinsi demokrasia yetu ilivyokomaa, mpaka mgeni anahesabu miti.

Narudi kwenye barua, kwa sababu barua ndiyo msingi. Wenye mashindano wameandika maneno ambayo nilitoa machozi nikiyasoma, na Katibu ni shahidi, ingawa yeye alidhani ni kitunguu. Wamesema hivi: "Mkono huu tunaujua. Unavuta kistari cha mwisho taratibu, kama mtu anayefunga mlango mtoto amelala. Tumeusikia miaka kumi na moja, tungependa sasa tumuone mwenyewe." Kwa wale ambao si wa fani, niwaelimishe. Katika Morse kila mtu ana mkono wake kama alivyo na mwandiko wake. Unaweza kubadilisha redio, unaweza kubadilisha waya, unaweza kujiita jina lolote, lakini ukigonga maneno mawili tu, mtu wa Finland anasema, ah, ni yule. Na mimi, bila kujisifu, nina kistari cha mwisho chenye huruma.

(Mstaafu mmoja wa reli, bila kusimama: "Hicho kistari ni cha Yosamu.")

Naam, mzee wangu. Marehemu Yosamu, aliyekuwa akipokea na kutuma simu za upepo kwa Morse pale stesheni ya Kasese, alikuwa akivuta hivyo ili stesheni inayofuata ijue kwamba amemaliza na treni inaweza kuondoka. Mtindo huo uliingia katika anga ya Kasese, ukakaa, na mimi nikauvuta pamoja na hewa. (Mstaafu: "Yosamu alimfundisha binti yake tu. Wengine tulimwomba, alitufukuza. Alisema mikono yetu ni ya kupakia mizigo." Anamwelekezea kidole Bi Medius, ambaye anatazama chupa yake ya soda.) Mzee, umri ni hazina, lakini hazina nyingine inahitaji kuhesabiwa upya.

(Jean-de-Dieu anasimama tena bila kuitwa: "Mwenyekiti, ni kitu kidogo. Gonga ku meza. Kidogo tu, tusikie. Kama mutu ya Ulaya anajua ule mukono, siye batu yako tusiujue? Gonga, tukupigie kura, tuende soko." Sauti nyingi: "Agonge." "Gonga, Mwenyekiti." "Gonga tuondoke.")

Taratibu. Itifaki haisemi popote kwamba Mwenyekiti hugonga meza. Lakini kwa kuwa mimi ni kiongozi wa wazi na mwenye muda, nitagonga. Katibu, sogeza glasi. (Mwenyekiti anagonga meza kwa pete ya ndoa, kama nusu dakika, kwa kasi, kisha polepole, kisha kwa kasi tena. Glasi inatetemeka. Wastaafu wa reli wanatazamana. Mmoja anaomba radhi anatoka nje.) Hiyo, ndugu wananchi, ilikuwa salamu ya ngazi ya juu, ambayo huwa inatumika kati ya marais. Wenye kuelewa wameelewa.

(Bi Medius, akiwa amekaa pale pale, anachukua kifuniko cha soda na kugonga shingo ya chupa. Ni kugonga kufupi. Wapagazi wa Nyakalengija wanainamisha vichwa kama watu wanaosikia sauti ya nyumbani. Kugonga kwa mwisho kunavutwa kidogo.)

Mnaona. Mama ameitikia. Katibu, andika kwamba mpinzani wangu amenipongeza mbele ya mkutano. Wewe Gorret alikufundisha kidogo. Wasomee watu amesema nini.

(Gorret anasimama na kalamu mkononi: "Amekupa tano tisa tisa, Mwenyekiti.")

Tano tisa tisa. Ni alama kubwa?

("Ni ya juu kabisa. Maana yake nimekusikia vizuri, safi, bila shida.")

Mmesikia wenyewe. Andika kwa wino mweusi.

("Lakini kwenye mashindano wanampa kila mtu, Mwenyekiti. Hata kama hujamsikia vizuri, hata kama ni kelele tupu, unamwandikia tano tisa tisa, unakwenda kwa anayefuata. Ndiyo desturi yao.")

Na wewe uliposikia, ulisikia nimegonga nini?

("Mimi nimesikia meza.")

(Jean-de-Dieu anamgeukia Bi Medius, anamuuliza kwa sauti ya chini ambayo ukumbi mzima unaisikia: "Mama, kwa nini unamupatia huyu mutu ile alama? Si useme tu hajui?" Bi Medius anaweka kifuniko juu ya chupa. "Ndiyo desturi, baba," anasema. "Hewani hatuaibishi mtu.")

Nashukuru. Naomba sasa twende ukurasa wa tisa wa hotuba yangu, ambao una kichwa cha habari, "Kwa Nini Mwenyekiti". Ukurasa wa tisa unasema hivi. Kwa kuzingatia uzoefu, uadilifu, na uwezo wa kujieleza katika lugha nne ambazo moja bado naitafuta, ni dhahiri kwamba. Ni dhahiri kwamba Mwenyekiti. Jamani, nani alizima feni? Hapana, msihangaike, hapa hapajawahi kuwa na feni. Tuuache ukurasa wa tisa. Niongee kidogo nje ya karatasi, na Katibu uendelee kuandika, usinionee huruma, huruma ya kutosha nimeshapewa leo.

Ni kweli kwamba katika utekelezaji wa programu, shughuli ya kugonga ilikuwa imegatuliwa kwenda ngazi ya chini. Kwa lugha ya kitaalamu tunasema tulifanya autisosingi. Ngazi ya chini yenyewe ilikuwa Nyakalengija, na huko Nyakalengija ilikuwa jikoni, na humo jikoni alikuwamo mtu mmoja. Leseni ni ya klabu, na klabu mnajua ni ya nani. Redio ni ile aliyoachiwa Yosamu na Mzungu mmoja wa mgodini, na Yosamu akamwachia binti yake. Waya umefungwa kutoka kwenye mparachichi mpaka kwenye pembe ya paa, na ukitaka kuona infrastrakcha yetu yote, nenda ukaone ule waya, lakini uiname, kuna nguo zimeanikwa. Mashindano yakiisha, mpagazi analeta daftari Kasese, Gorret anachapa na kutuma, kwa sababu kule juu mtandao unakuja pale unapojisikia. Na kwenye ile nafasi inayouliza nani aligonga, mwaka wa kwanza Gorret aliniuliza aandike nani, nami nikamwambia aandike Davis Maate. Alinitazama. Nikamwambia ni utaratibu wa ofisi, kwamba kila kitu kinatoka kwa jina la Mwenyekiti. Akaandika. Asilaumiwe. Mtoto wa watu alikuwa na wiki mbili kazini.

(Nje pikipiki inawashwa, kisha inazimwa.)

Mwaka wa kwanza nilijiambia ni mara moja. Mwaka wa pili alikuwa wa kwanza Afrika, jina langu likasomwa redioni hapa kwetu, na baba mkwe wangu, ambaye kwa miaka tisa alikuwa ananiita "huyu", akaniita Davis. Mtu akishaitwa Davis na baba mkwe, jamani, kurudi kuwa "huyu" ni safari ngumu. Nikaendelea. Nilikwenda Nyakalengija mara moja tu wakati wa mashindano, nikakaa jikoni kwake saa mbili ili nipate maneno ya kusimulia, na hayo ndiyo niliyowasimulia leo, sombe, kuku, gunia la kahawa na ule mto. Alinipa kigoda. Alinipa chakula. Alikuwa anaongea na Mjapani na huku ananionyesha kwa kidole chumvi ilipo.

Kuna jambo lingine na hili nitalisema haraka. Watu wa fani hii, ukishawapata hewani, baada ya miezi wanakutumia kadi kwa posta, yenye picha ya mji wao na jina lako, kukubali kwamba mliongea. Kadi zinakuja sanduku la klabu, Kasese. Ziko mia tatu na arobaini. Zimebandikwa sebuleni kwangu, ukuta wote wa upande wa televisheni, na wageni wangu huzisoma wakisubiri chai. Nyingi zimeandikwa kwa mkono, zinasema ahsante kwa mkono wako mzuri. Yeye hajaona hata moja. Mwaka wa tatu aliniuliza, kwa upole, kama wale watu huwa hawaandiki. Nikamwambia posta imekuwa ngumu.

(Bi Medius anasimama, kisha anakaa. Mama aliye karibu naye anamshika mgongoni.)

Mama, kesho nazibandua. Nitazileta mwenyewe, kwa miguu kutoka pale lami inapoishia.

Na safari hii ya Ulaya, msidhani nilikuwa sina mpango. Mimi ni mtu wa mipango. Nilipanga nifike, niteleze mahali penye baridi, nifungwe bendeji mkono wa kulia, nipige picha na bendera, nirudi. Bendeji nimeshanunua, nyumbani kila mtu anaijua. (Mke wa Mwenyekiti anatikisa kichwa kukubali.) Kiti cha Bi Medius kingekaa kitupu ndani ya hema siku zote mbili, wale watu wakingoja kistari chao, na mimi niko nje nakunywa supu. Zamu nyingine ni baada ya miaka minne, na sikio halingoji vipindi vya uongozi. Nilikuwa nayajua yote haya nilipopanda ngazi za ukumbi huu. Ningeweza kuyapita. Mmenigongesha meza, nikagonga, ningeweza kuipita na hiyo. Lakini mama amenipa alama ya juu kabisa kwa kugonga upuuzi, ili nisiaibike mbele ya mke wangu, na mimi miaka kumi na moja sijampa hata kadi moja.

Kwa hiyo, Katibu, fungua bahasha. Ni saa kumi na dakika ngapi, Baba Paroko? Kumi na ishirini na tano. Inatosha. Andika Medius Kabugho, binti Yosamu, wa Nyakalengija. Tarehe ya kuzaliwa muulize mwenyewe, na akisema ana miaka hamsini usibishane naye. Mahali pa "miaka ya uzoefu" andika kumi na moja ya mashindano, na chini yake andika kwamba zile rekodi zote za nyuma ni zake, na saini yangu iko hapa, na mahali pa cheo changu andika shahidi. Wanaokubali wanyooshe mikono. (Mikono yote.) Wanaokataa. (Hakuna.) Jean-de-Dieu, umenyoosha miwili, teremsha mmoja. (Jean-de-Dieu: "Moya ni ya bibi yangu, amebaki ku soko.") Basi uache. Kahawa yake na kuku wake ni juu ya klabu mpaka atakaporudi, na zamu ya kwanza ya kuku ni yangu. Suti naweza kumwazima, lakini amenitazama kama mtu ambaye ana gomesi yake ya sherehe.

(Gorret anabonyeza simu, anaipeleka karibu na dirisha, anangoja. "Imekwenda," anasema.)

Imekwenda. Sasa kaulimbiu, maana mkutano halali haufungwi bila kaulimbiu. Nikitaja, mnajibu kwa ukweli. Mnara. ("Haupo.") Kituo. ("Hakipo.") Asilimia tisini na sita. ("Hazipo.") Msijibu kwa furaha namna hiyo, mimi bado niko mbele yenu. Mgongaji. ("Yupo.") Kwa sauti, asikie na lile sikio la kushoto. ("Yupo.")

Ninawashukuru viongozi wa serikali na wa dini, wastaafu wa reli, wageni wa Beni na Butembo, wanawake wa Bwera, wanaume wa Bwera waliobeba miti kumi na mbili, ambayo mtakuja kuichukua Jumamosi baada ya mimi kuwahamisha nguruwe, na wote mliosubiri miaka kumi na moja, mkanywa chai ya vikao ishirini na sita, kwa ajili ya Kituo cha Kisasa cha Mashindano, Kasese na Bwera, ambacho hakijawahi kuwepo hata kwa tofali moja. Na bahati niliyowaambia nilizaliwa nayo ni uongo. Sijawahi kushika redio, na hakuna mtu yeyote duniani aliyewahi kuniitika.